Maman Mucyo Anasafiri na Tumbo Lake

Patricie Uwimbabazi aliuza mchele katika soko la Kamembe, kule Rusizi, nchini Rwanda. Mchele wake ulitoka Bugarama, kule kwenye joto, na wateja waliupenda kwa sababu haukuwa na mawe. Watu wa sokoni walimwita Maman Mucyo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Kila asubuhi alifungua magunia, akaweka vipimo vyake mbele, kisha akaketi. Siku hizo kuketi ndiyo kazi aliyoipenda kuliko zote. Alikuwa amechoka.

Uchovu huo haukuwa wa siku moja. Kwa miaka mingi tumbo lake lilimtesa. Lilijaa gesi, likauma, likamkimbiza chooni. Mwili ulikonda na damu ikapungua. Wanawake wa sokoni walimtazama wakatikisa vichwa. "Huyu banamupatia karuho," walinong'ona. Karuho ndiyo sumu ya polepole. Watu wa Bukavu na wa Rusizi wanaiogopa sana. Wanasema adui anakutilia kwenye chakula, kisha unakauka kidogo kidogo.

Basi ndugu zake wakampeleka kwa mganga ng'ambo ya mto. Mganga akamnywesha dawa ya kutapisha. Patricie alitapika mpaka akaona nyota mchana. Mganga akamwonyesha kitu cheusi ndani ya beseni, akasema hiyo ndiyo sumu yenyewe. Ukimtafuta mchawi, mwizi halisi anabaki amekaa nawe mezani. Wiki hiyohiyo Patricie alirudi sokoni, akanywa chai na mandazi mawili kama kawaida yake, na tumbo likaanza upya.

Mwishowe alifika hospitali. Walimpima damu, wakamwingiza mpira mwembamba wenye kamera hadi ndani ya utumbo. Daktari alisema hakuna mtu aliyempa sumu. Ugonjwa wake unaitwa seliaki, na adui yake ni ngano.

Patricie hakuelewa vizuri. Alirudi nyumbani Gihundwe akapita kwa jirani yake, Joselyne. Joselyne ni muuguzi wa lishe katika kituo cha afya, mwanamke mwenye sauti ya chini na subira nyingi.

"Maman Mucyo, umeisha kukanda bunga ya chapati?" Joselyne aliuliza.

"Kila siku, mbele sijagonjwa."

"Inavutika, sivyo? Kile kintu kinafanya ivutike kinaitwa gluteni. Iko mu ngano. Iko pia mu shayiri, ile banatengeneza nayo pombe ya bière. Mwili yako inaona gluteni ni adui. Inapigana nayo, na vita inaharibu matumbo. Chakula unakula, lakini haiingie mu damu. Njo sababu unakonda."

"Na dawa yake?"

"Dawa ni kuacha ngano. Maisha yote. Hata kipande kidogo, hapana."

"Sasa nitakula nini, Joselyne? Mawe?"

"Mchele. Mahindi, muhogo, mtama, viazi, ndizi, maharagi, mayai, nyama, samaki. Dawa yako iko mu magunia yako, Maman."

Patricie alicheka kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akaacha mandazi, akaacha mkate. Alipopeleka mtama kwenye mashine ya kusaga, aliuliza kwanza kama wametoka kusaga ngano. Kama walikuwa wametoka kusaga ngano, alikwenda mashine nyingine. Polepole mashavu yake yalirudi. Nyumbani mambo yakatulia.

Lakini mtu hali nyumbani tu. Na mume wake, Kabera, alimpa onyo. Kabera ni dereva wa lori la saruji kule Muganza. Ni mtu mwema, ila anaogopa maneno ya watu kuliko anavyoogopa mteremko wenye utelezi.

"Magonjwa ya tumbo haiko ya kutangaza," alisema. "Mucyo anataka kuoa. Bakwe bakisikia, batasema ukoo yetu iko na bugonjwa. Nyamaza."

Patricie akanyamaza.

Mchumba wa Mucyo aliitwa Benitha. Wazazi wake, Papa Dominique na Maman Nabintu, ni watu wa Bukavu. Siku hizi wanaishi Kampala, wanauza vitenge. Kabla ya harusi, dada yake Nabintu, anayeitwa Maman Ushindi, aliwaalika wazazi wa Mucyo nyumbani kwake Bukavu, ili koo zijuane.

Mama huyo alipika tangu asubuhi. Aliweka bugali, sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, nyama yenye mchuzi mzito, chapati na mandazi. Patricie alitazama meza. Sambaza zilikuwa zimepakwa unga. Unga gani? Mchuzi umekazwa na nini? Mafuta ya sambaza si ndiyo yaleyale ya mandazi? Angeuliza, lakini alikuwa ameambiwa anyamaze.

"Kula, Maman Mucyo," alisema Maman Ushindi.

"Aksanti. Nimeshiba."

Watu wakatazamana. Mgeni aliyevuka mpaka kuja kula, ameshibia wapi? Maman Ushindi alichukua kijiko, akaonja mchuzi mbele ya macho ya wote, akameza. Hivyo ndivyo mwenyeji wa kwetu anavyomwonyesha mgeni kwamba chakula ni salama. Kisha akamsogezea Patricie sahani.

Patricie aliirudisha kwa vidole viwili. "Nimeshiba, ndugu yangu. Kweli."

Maman Ushindi aliinuka akatoa vyombo kabla wageni wengine hawajamaliza. Walipovuka daraja kurudi Rusizi, Kabera alisema labda mambo yatapita. Patricie alijua kwamba amemwita mwanamke mwenzake mchawi bila kufungua mdomo.

Haikupita hata wiki, Mucyo akaingia nyumbani na simu mkononi. Uso wake ulikuwa umesinyaa.

"Maman, bakwe banasema tunabaona ni bantu ba karuho. Papa Dominique anasema kama mama ya bwana hawezi kula kwao, mutoto yao hawezi kulala kwetu. Banataka tusimamishe ndoa."

Kabera akashika kichwa. Patricie akakaa kwenye gunia. Aliumia sana, tena aliumia kwa ajili ya mwanawe, kwa sababu kosa halikuwa la kijana. Akawaza: nitakwenda Kampala, nitakula kila kitu watakachonipa, kisha nife kama ni kufa. Akainuka akaenda kwa Joselyne kumwambia hivyo.

Joselyne alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ukikula, utaanguka mbele yao na kuhara," alisema. "Halafu batasema nini? Si batasema kweli kulikuwa sumu? Utabafanya barozi, bachawi ba sumu, mara ya pili."

Patricie hakuwa amefikiria hilo. Joselyne akaendelea.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Piga simu leo. Usimutume Mucyo, usimutume Papa Mucyo. Wewe na Maman Nabintu, mama kwa mama. Mambo ya kula inasemwa mbele chungu haijawekwa ku moto. Kama sahani iko mbele yako, ni kuchelewa."

"Na wakiuliza kama inaingia mu ukoo?"

"Usidanganye. Haiambukize, hata kwa kula pamoja, hata kwa kulala pamoja. Lakini inaweza kutembea mu famille. Ni juu ya ile nilikuomba batoto bapimwe. Mucyo si alipimwa?"

"Alipimwa. Hakuna kitu."

"Basi, sema ile. Na uongeze kama siku moja tumbo inamusumbua, atapimwa tena, mbele ya kuacha ngano. Ukiacha ngano kwanza, damu inaweza kukosa kuonyesha."

Patricie alipiga simu akiwa amesimama nyuma ya nyumba ya Joselyne, karibu na kamba ya nguo.

"Maman Nabintu, ni mimi, mama ya Mucyo."

"Nakusikia." Sauti ilikuwa baridi.

"Kule Bukavu nilikosa. Chakula ya dada yako ilikuwa muzuri. Mimi njo muntu mugonjwa. Niko na magonjwa ya tumbo, banaiita seliaki. Nikikula ngano, hata kidogo, naumwa siku mingi. Niliona sambaza mu bunga, nikaogopa kuuliza. Niliona haya."

Upande wa pili Patricie alisikia honi za pikipiki za Kampala.

"Ngano tu?" Nabintu aliuliza mwishowe.

"Ngano na shayiri. Bingine byote nakula. Nakula sana, Maman. Utashangaa."

"Na mutoto? Na bajukuu betu?"

Patricie alivuta pumzi, akasema yote kama Joselyne alivyomfundisha. Hakupunguza, hakutia chumvi. Nabintu alisikiliza, akauliza, akauliza tena lilelile kwa njia nyingine. Alikuwa mfanyabiashara, hakununua kitambaa bila kukigeuza upande wa ndani.

"Sasa kwa nini haukusema hii maneno tangu mwanzo?" alisema. "Dada yangu alilia ile siku. Alilia, Maman Mucyo. Mimi nimekusikia. Lakini yeye, utamuomba pole wewe mwenyewe. Anakuya ku ndoa."

"Nitamuomba."

"Haya. Huku kuko matoke, kuko mchele, kuko bugali ya mahindi banaiita posho, kuko mchuzi ya karanga. Ngano ni chapati na mandazi tu. Cube ya kukoleza mchuzi, je?"

"Zingine ziko na ngano. Afazali chumvi, kitunguu na tomate."

"Nitapika yako mimi, mu chungu yake na kijiko yake. Wale ba cuisine, bapishi ba ndoa, sibaamini."

Patricie alirudi ndani akaketi kwenye mkeka wa Joselyne. Machozi yalimtoka. Mzigo ulikuwa umetua, lakini mabega bado yalimuuma.

Kabera alikasirika kidogo aliposikia, kisha akasikia pia kwamba ndoa inaendelea. Hasira yake ikakosa pa kukaa.

Safari ilipokaribia, Joselyne alikuja kumsaidia kupanga mfuko. Rusizi hadi Kigali ni siku nzima ya milima. Kigali hadi Kampala ni siku nyingine. Njiani kinachouzwa dirishani ni mandazi, sambusa na chapati.

"Beba yako," Joselyne alisema. "Viazi bitamu bya kuchemsha, mayai, karanga, ndizi mbivu. Bipikwe, juu bibichi banaweza kukukataza ku mpaka. Tia mu bakuli ya kifuniko. Usifunge mu sashe ya plastiki, Rwanda banaikataza, utanyang'anywa ukirudi."

"Na choo, Joselyne? Mimi naogopa choo kuliko njaa. Nilifikiri nisikule kabisa siku ya basi."

"Hapana. Tumbo tupu itakuchokesha zaidi. Kula kidogo kidogo, kunywa maji ya chupa. Kaa karibu na mlango na uambie shofele mbele basi haijaondoka. Mwambie wazi, 'Mimi ni mugonjwa wa tumbo, nikikuomba usimame, simama.' Beba karatasi ya choo na sabuni. Dawa zako za kuongeza damu zikae mu sac ya mukono, si mu valise. Na hii hapa." Akampa vipakiti vya ORS. "Ukihara, changanya na maji safi, unywe. Ukiona damu, ao ukishindwa kusimama, tafuta hospitali. Usingoje kurudi Rwanda."

Ilikuwa safari ndefu. Patricie alikaa karibu na mlango, Kabera nyuma yake, magoti yamekunjwa, mfuko mapajani. Alimwambia dereva kuhusu tumbo lake mbele ya abiria, na masikio yakamwaka moto kwa aibu. Dereva alijibu tu, "Sawa, mama," akaendelea kutafuna kijiti chake. Mpakani Gatuna walisimama kwenye mstari chini ya jua. Kisha Kabale, Mbarara, Masaka, vilima na migomba isiyoisha. Kila aliposinzia, mtu aligonga dirisha akimwonyesha chapati. Alikula kiazi, akala yai. Basi lilisimama mara moja kwa ajili yake, na hakuna aliyekufa kwa kungoja.

Siku iliyofuata, nyumbani kwa Nabintu, Maman Ushindi alikuwa ameketi sebuleni na miguu imenyooshwa, uso umekaza. Patricie alimwendea, akamshika mikono yote miwili, akainama.

"Nisamehe. Ulionja mchuzi mbele yangu na nikarudisha sahani. Nilikuwa muoga, wewe haukuwa mubaya."

Maman Ushindi alichomoa mkono mmoja, akauonyesha. "Nilichoma mukono yangu juu ya zile sambaza," alisema.

"Pole, ndugu yangu."

"Ngano inakufanya nini hasa?"

Patricie alieleza tena. Alishapoteza hesabu ya mara alizoeleza: kwenye mashine ya kusaga, kwenye simu, kwa dereva. Maman Ushindi alisikiliza mikono kifuani, kisha akasema, "Hm," na kumpisha nafasi kwenye kiti. Mchana huo Nabintu alileta matoke na mchuzi wa karanga ndani ya chungu kidogo cha pekee. Patricie alikula akaongeza. Wote walimtazama akiongeza, na hata Papa Dominique, mtu wa maneno machache, aliachia tabasamu.

Siku ya harusi, chakula chake kilikuwa mezani, kimefunikwa. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Kasoro keki.

Hakuna aliyeikumbuka keki. Mwenye kipaza sauti alitangaza kwamba bibi harusi sasa atawalisha wazazi wapya. Muziki ukashushwa, simu zikainuliwa. Benitha alikuja na gauni lake jeupe, sahani mkononi, kipande cha keki kwenye uma. Alipiga magoti mbele ya Patricie. Ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama mama mkwe.

Patricie aliiona keki karibu na midomo yake. Hakuogopa. Alichoka, basi. Alichoka kueleza, alichoka kuwa yule mama ambaye kila chakula kinasimama mbele yake kwa maswali. Akawaza: ni kipande kimoja, watu watapiga vigelegele, yataisha. Akafungua mdomo.

Kisha akaufunga. Akashika mkono wa Benitha kwa upole.

"Mwanangu," alisema, "keki siwezi. Ni ngano."

Benitha alishusha uma. Upande wa wageni kukaanza minong'ono, na Patricie aliijua minong'ono hiyo. Alikuwa ameisikia sokoni miaka yote. Amekataa kulishwa na bibi harusi. Ana nini? Anaogopa nini?

Ndipo Maman Ushindi akasimama katika mstari wa mbele, kitenge chake kikimteleza begani.

"Munashangaa nini?" alipaza sauti. "Huyu mama hakule ngano! Iko na magonjwa, docteur alimukataza! Wewe wa micro, sema mulete nanasi! Na uma ingine, juu ile imegusa keki!"

Watu walicheka. Nanasi likaletwa, na uma safi. Benitha akamlisha mama mkwe wake kipande cha nanasi, maji yakamdondokea Patricie kidevuni, na vigelegele vikapasua ukumbi. Nabintu alikuwa anacheka huku analia. Mucyo alifuta jasho na tai yake mpya.

Safari ya kurudi ilianza asubuhi. Patricie alikuwa amechoka hata kushika mfuko, lakini tumbo lilikuwa kimya. Lilikuwa kimya siku zote hizo, naye alikuwa hajawahi kwenda mbali hivyo akalala vizuri hivyo. Kabera alikaa dirishani. Tangu harusi alikuwa hasemi sana.

Basi liliposimama Lukaya, wachuuzi walikimbilia madirisha. Mwanamke mmoja aliyejua Kiswahili cha kuungaunga alisukuma chapati za moto mpaka karibu na uso wa Patricie. "Chukua, mama! Moto, moto!"

Patricie alifumba macho. Hakuwa na nguvu za kueleza tena.

Alimsikia Kabera akifungua dirisha mpaka mwisho. Kabera akatoa kichwa nje, akasema kwa sauti ambayo basi zima liliisikia, "Hapana, chapati hapana! Bibi yangu iko na magonjwa ya tumbo inaitwa seliaki. Hakule ngano. Uko na ndizi ya kuchoma? Nyingine, si ile umeweka pamoja na chapati. Ile pale, ku mukaa."

Mchuuzi alikimbia akaleta ndizi iliyochomwa, imefungwa kwenye jani. Kabera alilipa, akaifungua, akampa mkewe. Patricie alikula ingali moto. Basi lilipoanza kwenda, aliegemeza kichwa kwenye bega la mumewe na kulala, hakuamka mpaka walipofika mpakani.